Mkono Ulio Mbali: Habari za Pointi za Reli na Magari ya Moshi ya Mchezo

Wasikilizaji wetu, kila mtu aliyepata kusafiri kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam kwenda bara anaijua stesheni ya Tabora, maana hapo ndipo njia inapogawanyika: moja yaendelea hata Kigoma penye Ziwa Tanganyika, na nyingine yapanda kwenda Mwanza. Abiria aliyesinzia huamka akajikuta ameelekea upande ule ule aliokatia tiketi, wala haulizi ni nani aliyeligeuza gari zima, injini na mabehewa yake yote, likashika njia moja na kuiacha nyingine. Gari la moshi halina usukani. Dereva aweza kuongeza mwendo au kuupunguza, aweza kupiga honi na kufunga breki, lakini kwenda kulia au kushoto si hiari yake. Hiyo ni kazi ya vyuma viwili virefu vilivyochongoka, vilivyolazwa kati ya reli. Vyuma hivyo husogezwa kidogo tu, kadiri ya upana wa kiganja cha mkono, na mara njia nzima imebadilika. Mahali hapo watu wa reli hupaita pointi, na vyuma vyenyewe sisi tutaviita ndimi, kwa kuwa vina umbo la ulimi.

Leo twataka kuzungumza habari za ndimi hizo, na jinsi watu walivyojifunza kuzisogeza kwa mkono ulio mbali. Na katika kuifuata habari hii tutatazama pia magari ya moshi ya mchezo, yale madogo yaendeshwayo kwa umeme juu ya meza au sakafuni, ambayo kule Marekani na Ulaya yamewashika wazee kama yalivyowashika watoto. Msidhani kwamba tunafanya mzaha. Mtu aliyelala chali chini ya meza, akiunganisha waya za gari la mchezo, amekutana na swali lile lile lililowasumbua mainjinia wa reli kubwa, nalo ni hili: mtu asiyeuona ulimi atajuaje kwamba umekwenda?

Hapo mwanzo swali hilo halikuwapo. Katika reli za kwanza za Uingereza alisimama mtu kando ya kila pointi, akaushika wenzo kwa mkono wake, akautazama ulimi kwa macho yake. Walakini magari yalipozidi, na njia zikawa nyingi, ilionekana si busara kuwatawanya watu kumi mahali kumi, kila mmoja akifanya lake. Ikafikiriwa kuzikusanya nyenzo zote katika kibanda kimoja, na kila wenzo uunganishwe na pointi yake kwa fimbo ndefu za chuma. Faida ilikuwa kubwa. Hatari nayo ikaja pamoja nayo. Mtu mmoja mwenye nyenzo nyingi mbele yake aweza kuchoka, aweza kukosea, akaifungua njia kwa gari la kaskazini huku ishara inaliita gari la mashariki.

Aliyelishughulikia jambo hilo alikuwa fundi seremala wa reli katika nchi ya Brighton, jina lake John Saxby. Mwaka 1856 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, ambao ulizifungamanisha pointi na ishara zitembee pamoja. Baada yake wengine wakaongeza, naye akaongeza, hata ukapatikana mtambo ambao wenzo mmoja ukivutwa huzifunga nyenzo zote zinazopingana nao, zisiweze kuvutwa hata kwa nguvu. Yaani akili iliondolewa katika kichwa cha mtu aliyechoka, ikatiwa katika chuma kisichochoka. Sisi twauhesabu uvumbuzi huo miongoni mwa mambo makubwa ya karne ile, ingawa wasomi wa historia hupenda zaidi kusimulia habari za injini na moshi wake.

Lakini mtambo wa Saxby ulikuwa na upofu wake. Ulijua nyenzo zimekaa namna gani. Haukujua ndimi zimekaa namna gani. Kati ya wenzo na ulimi palikuwa na fimbo ya chuma ya mamia ya hatua, nayo fimbo hurefuka katika jua, hufupika katika baridi, hupinda, hukatika.

Usiku wa kuamkia 3 Agosti 1873 gari la abiria lilitoka London likienda Scotland, nalo lilikuwa refu sana. Lilipopita Wigan kwa mwendo mkali, injini na mabehewa ya mbele yalipita juu ya pointi salama, kisha mabehewa ya nyuma yakaacha reli. Watu 13 walikufa. Fikirini jambo hilo: sehemu ya mbele ya gari moja imepita, na sehemu ya nyuma ya gari lile lile imeangamia mahali pale pale. Pointi iliyo sawa kwa behewa la kwanza lazima ibaki sawa hata la mwisho lipite, na ajali hiyo iliwafundisha watu kuuliza habari za dakika ile gari likiwa juu ya ndimi. Katika miaka hiyo reli za Uingereza zikazidi kutumia komeo la chuma la kuzikaza ndimi, pamoja na ubao mrefu wa chuma uliolazwa kando ya reli. Magurudumu yakiwa juu ya pointi ubao huo hauwezi kuinuka, na usipoinuka wenzo hauvutiki.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Mmarekani mmoja aliyeitwa William Robinson alikuwa akijaribu njia nyingine. Mwaka 1870 alionyesha kielelezo kidogo cha mtambo wake katika maonyesho ya New York. Nasi twapenda kukumbusha kwamba ishara za umeme za reli kubwa zilianza hivyo, juu ya meza. Kisha akaujenga mtambo wenyewe katika reli huko Kinzua, katika jimbo la Pennsylvania. Mpango wake wa kwanza ulikuwa hivi: gari likifika mahali fulani linagusa kitu, kitu kile kinaunganisha waya, umeme unapita, na ishara inajifunga. Ulifanya kazi. Lakini Robinson alipokaa kuutazama aliona kasoro ambayo ingeweza kuua watu. Je, waya ukikatika? Gari litafika, litagusa, na umeme hautapita. Ishara itabaki wazi, ikisema njia ni salama, na gari la pili litakuja likalipiga la kwanza kwa nyuma. Katika mpango huo ukimya wa waya ulikuwa na maana mbili: hakuna gari, au waya umeharibika. Na mtu aliye kibandani hawezi kuzitofautisha.

Basi akaupindua mpango wote juu chini. Katika hati aliyoipata mwaka 1872, umeme hupita sikuzote ndani ya reli zenyewe, wakati njia ni tupu. Betri imewekwa mwisho mmoja wa kipande cha njia, na mwisho wa pili imewekwa sumaku ya umeme, ambayo mafundi huiita rilei. Umeme huenda kwa reli ya kulia, hupita katika rilei, hurudi kwa reli ya kushoto, na maadamu unapita, rilei huishika ishara katika hali ya usalama. Gari linapoingia, magurudumu na ekseli zake za chuma huunganisha reli mbili, umeme hukatiza njia kupitia ekseli, rilei hukosa nguvu, na ishara hujifunga yenyewe. Sasa tazameni uzuri wake. Betri ikifa, ishara hujifunga. Waya ukikatika, ishara hujifunga. Reli yenyewe ikivunjika vipande viwili, mara nyingi ishara hujifunga. Kila uharibifu wa kawaida huishia katika kulisimamisha gari, wala si katika kuliruhusu. Robinson alikuwa ameupa ukimya maana moja tu, nayo ni hatari.

Tutakirudia kisa hicho, maana ndicho kiini cha maneno yetu. Kwanza na tuingie katika duka la vitu vya kuchezea.

Mwaka 1900 kijana mmoja wa New York, Joshua Lionel Cowen, mtoto wa wahamiaji, alianzisha kampuni akaipa jina lake la kati, Lionel. Husimuliwa kwamba gari lake la kwanza, lililotoka mwaka 1901, halikukusudiwa kuwa mchezo wa mtoto. Lilikuwa behewa la wazi la mbao lenye mota ndogo, likizunguka juu ya reli katika dirisha la duka ili kuwavuta wapita njia wanunue bidhaa nyingine. Wapita njia wakavutwa kweli. Ila walichotaka kununua ni lile behewa.

Mwaka 1906 kampuni hiyo ilianza kuuza njia yenye reli tatu, na jambo hili yafaa tulieleze, kwa kuwa watu wengi hucheka wakiona reli ya tatu katikati, ambayo gari la moshi la kweli halina. Umeme wahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Ukitumia reli mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, huwezi kutia ekseli ya chuma tupu, maana italeta mgusano wa ghafula na kuunguza waya. Tena njia ikizunguka na kujirudia yenyewe kama kitanzi, reli ya kwenda itakutana na reli ya kurudi, na hapo mambo yote yataharibika. Reli tatu huondoa shida zote mbili. Umeme huenda kwa reli ya katikati na kurudi kwa zile mbili za kando, na mtoto aweza kuipinda njia yake apendavyo. Ni umbo baya lenye akili nzuri. Huko Ulaya, tukitaja kwa kupita, katika miaka ya 1920 yalikuwapo magari ya mchezo yaliyopewa umeme wa nyumba, ukipunguzwa kwa taa tu, na reli zake ziliweza kumtia mtoto mshtuko wa hatari. Yakaondolewa, na ndiyo ikawa heri.

Pointi za kwanza za mchezo zilisogezwa kwa kidole. Lakini mtoto alitaka kukaa pembeni kama bwana wa stesheni, abonyeze kitufe na kuuona ulimi ukiruka upande wa pili wa chumba. Ndipo pointi za umeme zikaja, na iliyosifiwa kuliko zote katika kampuni ya Lionel ilikuwa ile yenye namba 022, iliyotolewa mwaka 1938 na kuendelea kuuzwa kwa miaka mingi baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Ndani yake mna koili mbili za waya mwembamba, na msumari mnene wa chuma katikati. Koili ya kulia ikipata umeme huuvuta msumari kulia, na ya kushoto huuvuta kushoto, na msumari huo ndio unaosogeza ndimi. Kitufe kina taa mbili, ya kijani na nyekundu, zimwonyeshe mwenye kubonyeza pointi imelala upande gani.

Waliobuni pointi hiyo walikuwa wamefikiri sana. Mwendo wa gari la mchezo hubadilishwa kwa kuongeza au kupunguza nguvu ya umeme wa reli. Sasa, mtoto akilipunguza gari liende polepole, umeme wa reli huwa hafifu, na koili itakayotegemea umeme huo haitakuwa na nguvu ya kuvuta. Kwa hiyo 022 ilipewa tundu la plagi yake peke yake, ipate umeme usiobadilika moja kwa moja kutoka transfoma. Tena, koili ile ni ya kuvuta mara moja tu. Ikiachwa na umeme daima hupata joto na kuungua. Kwa hiyo ndani mliwekwa viguso ambavyo msumari ukishafika hukata umeme wenyewe. Pointi za bei nafuu hazikuwa navyo, na mtoto aliyekaza kidole juu ya kitufe aliichoma koili yake kabla ya chakula cha jioni.

Lakini jambo tulitakalo hasa ni hili. Gari likitoka upande wa njia mbili kuelekea njia moja, na ndimi zimelala upande usio wake, litaanguka. Lionel ikazuia hayo kwa hila nyepesi. Karibu na pointi, kipande kimoja cha reli ya kando kilitengwa na kingine kwa pini ya nyuzinyuzi ngumu isiyopitisha umeme, badala ya pini ya chuma. Kipande hicho kiliunganishwa na koili. Gari linapofika juu yake, magurudumu na ekseli huunganisha reli mbili za kando, umeme hupata njia ya kurudi, koili huamka, na ndimi huruka upande unaotakiwa kabla injini haijazifikia. Gari limejifungulia mlango lenyewe. Bila shaka mmekwisha kuitambua hila hiyo: ni ekseli ya Robinson, ile ile, imeshuka kutoka Pennsylvania ikaingia sebuleni.

Sisi wenyewe tulipata kuketi jioni tatu mezani kwa rafiki yetu mmoja, na pointi mbili za 022 zilizokuwa zimelala ndani ya sanduku miaka mingi. Tulizisafisha, tukaondoa grisi ya zamani iliyokuwa imekauka kama nta, tukazibadilisha waya zilizoliwa na panya. Tulipowasha umeme moja ilitulia. Ya pili ikaanza kucheza, kushoto na kulia, kushoto na kulia, ikipiga kelele kama mashine ya kushona, bila mtu kugusa kitufe na bila gari lo lote juu ya reli. Tukazikagua koili, zilikuwa nzima. Tukakagua kitufe, kizima. Tukabishana, na maneno mengine hayakuwa ya upole. Jioni ya tatu mtoto wa nyumba ile, aliyekuwa akituangalia kwa huruma, akauliza kwa nini pini za upande huu zang'aa na za upande ule hazing'ai. Mtu fulani zamani alikuwa ameziondoa pini mbili za nyuzinyuzi akatia za chuma. Basi pointi ile iliamini kwamba pana gari njia ya kulia, na pia pana gari njia ya kushoto, ikawa inamfungulia kila mmoja kwa zamu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ikijibu kwa uaminifu habari za uongo.

Na sasa twarudi kwa Robinson. Hila ya Lionel ilitumia ekseli yake, lakini haikutumia hekima yake. Katika 022 umeme hupita gari lifikapo. Yaani ni ule mpango wa kwanza, ambao Robinson aliutupa. Waya wa kipande kile ukikatika, hapana taa itakayowaka kukuonya. Pointi itakaa kimya, gari litafika, nalo litaanguka. Katika mchezo hayo si kitu: mtoto huliokota gari akaliweka tena juu ya reli. Kwa hiyo hatuilaumu Lionel. Kuweka umeme upite sikuzote katika kila pointi ya mchezo kungekuwa gharama bila sababu. Lakini mtu akitaka kujua tofauti kati ya kitu cha kuchezea na kitu cha kubeba roho za watu, asitazame ukubwa wake wala uzito wake. Aulize: waya ukikatika, kitasema nini?

Reli kubwa ziliendelea kwa njia ya Robinson. Mwaka 1927, katika jimbo la Ohio, reli ya New York Central ilianza kutumia mtambo ambao mtu mmoja aliyeketi mezani alizisogeza pointi na ishara za njia yenye urefu wa maili 40, kwa umeme. Walioandika juu yake walistaajabia umbali. Sisi twastaajabia zaidi jambo la pili: kwamba meza ile haikuwa ya kutuma amri tu. Ulimi ukisogea na kukazwa, habari ilirudi kwa waya, na mtu aliiona taa mbele yake. Isiporudi alijua. Amri ilikuwa nusu ya kazi, na jibu lilikuwa nusu ya pili, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu na ghali.

Hata hivyo hakuna waya unaojua kila kitu. Tarehe 10 Mei 2002 gari la abiria lilikuwa likipita Potters Bar, kaskazini ya London, kwa mwendo wa karibu maili 100 kwa saa. Mabehewa matatu ya kwanza yalipita pointi salama, la nne likaacha reli na kupandia jukwaa la stesheni. Watu 7 walikufa. Ilionekana baadaye kwamba nati za fimbo zishikazo ndimi zilikuwa zimelegea. Kutoka Wigan hata hapo ilikuwa miaka 129, na namna ya ajali ilikuwa ile ile: mbele salama, nyuma maangamizi. Umeme waweza kukuambia ulimi umefika; hauwezi kuikaza nati. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye spana, atembeaye kando ya njia.

Tuurudie mchezo, kwa kuwa una sura nyingine isiyojulikana na wengi. Mwaka 1946, vita imekwisha na Wamarekani wanapenda kila kitu chenye harufu ya redio, Lionel ilitoa seti iliyotuma amri kwa mawimbi ya redio ndani ya reli. Kisanduku kilikuwa na vitufe vya rangi, kila rangi na kipokezi chake ndani ya injini au behewa, ili hili lifunguke na lile lisifunguke. Ilikuwa ghali mno, ikasumbua, na baada ya mwaka 1949 haikuuzwa tena. Fikra ilikuwa njema, lakini ilifika kabla ya vyombo vyake.

Katika miaka hiyo hiyo, katika chuo cha ufundi cha Massachusetts kiitwacho MIT, vijana waliunda chama cha magari ya moshi ya mchezo. Chumba chao kilikuwa ndani ya jengo la mbao lililojengwa haraka wakati wa vita. Wanachama waligawanyika wenyewe kuwa makundi mawili. Wa kwanza walipenda milima ya karatasi, nyumba ndogo na rangi za mabehewa. Wa pili walikaa chini ya meza. Hao wa chini walijenga mtambo kwa rilei na swichi za nyumba za simu, na wakauita kwa jina moja tu, Mfumo. Mtu akitaka kukitawala kipande fulani cha njia alizungusha namba kwa kidude cha simu, kama apigaye simu kwa jirani, na chini ya meza zilisikika rilei zikigonga moja baada ya nyingine, zikihamisha umeme kutoka kipande hata kipande, hata ukafika.

Hao ndio waliokuwa wakisema kwamba wamefanya neno lao la mtaani, "haki", wakimaanisha hila ya ufundi iliyofanywa kwa ustadi na kwa furaha. Na neno hilo, ambalo halina uhusiano wo wote na haki yetu ya Kiswahili, limeenea dunia nzima pamoja na kompyuta. Maana kompyuta zilipoingia chuoni mwao, vijana wa chini ya meza ndio waliozikimbilia usiku, wakati wakubwa wamelala. Waliona ni Mfumo wao tena, ila mkubwa na mwepesi zaidi: swichi inayofungua swichi, na jibu linalorudi. Mwaka 1962 baadhi yao walitengeneza mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana katika kioo cha kompyuta, uitwao Spacewar. Vidole vyao vilipouma kwa kubonyeza swichi za mashine, wawili miongoni mwao walikwenda katika chumba cha chama, wakaokota mbao, waya na swichi, wakaunda visanduku vya mkononi vya kuuchezea mchezo huo. Kila kijana anayeshika leo kidude cha kuchezea michezo ya kompyuta ashika kitu ambacho mmoja wa babu zake ulitengenezwa kwa mabaki ya gari la moshi la mchezo.

Ile fikra ya mwaka 1946 nayo haikufa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo ambao amri hupita ndani ya reli kwa tarakimu, kila injini na kila pointi ikiwa na namba yake. Na katika miaka ya 1990 Lionel yenyewe ikapata mtambo wa namna hiyo, kwa msaada wa mtu asiyetazamiwa, mwanamuziki Neil Young. Alikuwa na mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa viungo. Baba na mwana waliyapenda magari ya moshi, lakini vitufe vidogo vya zamani vilihitaji vidole ambavyo mtoto hakuvitawala. Young akawatafuta mafundi, wakaunda chombo chenye kitufe kikubwa, ambacho mtoto yule aliweza kukibonyeza, na gari likatii. Kwa yule mtoto mkono ulio mbali haukuwa anasa. Ulikuwa mkono wake.

Leo pointi za 022 bado zatafutwa na kutengenezwa, na vipuri vyake bado vyauzwa. Mtu akipata moja, twamwomba aanze na pini. Atazame reli mbili za kando upande wa njia mbili, ahakikishe kila moja ina pini isiyong'aa. Kisha aunganishe waya wa transfoma kwa umeme usiobadilika, alete behewa moja tu, alisukume polepole kwa mkono, huku injini imewekwa kando. Gurudumu la kwanza likivuka ile pini, atasikia mgongo mmoja wa chuma juu ya chuma, na taa ya mezani itabadilika rangi. Arudishe behewa nyuma, alilete kwa njia ya pili. Asikilize tena.